Aliye Hai Huita Mara Mbili

Mwaka huu Pasaka imeanguka mapema, kabla ya zile siku zetu za Aprili za kukumbuka waliouawa, ambazo mji wote unanyamaza, na mimi nikatangaza mezani kwamba familia yangu itaila kisiwani. Nilitangaza kama ninavyotangaza kila kitu, kwa sauti, tonge likiwa bado mdomoni, na hapo hapo nikaanza kugawa kazi. Rafiki yangu, unanijua. Mimi ndiye yule mtoto aliyeacha shule ya msingi katikati, akabeba masanduku ya nyanya pale Petite Barrière, mpakani mwa Goma, mpaka utosi ukaota sugu. Leo nina quincaillerie, duka la vifaa vya ujenzi, ya milango miwili, nina malori, nina nyumba ya ghorofa hapa Gisenyi ambayo ukisimama barazani juu unaiona Goma yote na moshi wa mlima wake. Sikupewa na mtu. Bon, mtu wa namna hiyo akisema tunakwenda kisiwani, tunakwenda.

Jina la kisiwa nitaliacha, wenyewe watajijua. Kiko kusini, ukishapita Nyamyumba na maji yake ya moto, unaendelea na mashua mpaka macho yanachoka na migomba. Hewa yake siwezi kukueleza ukaielewa. Hakuna joto la kukutoa jasho wala baridi ya kukukunja, mtu analala na shuka moja mwaka mzima na asubuhi anaamka kifua chepesi. Siku hizi wamejenga vijumba vya wageni, na watoto wangu walikuwa wamekwisha viona kwenye simu: vitanda vya kamba vimefungwa kwenye miti, vikombe vya kahawa, Wazungu wamelala kama chatu aliyeshiba. Bucura wangu, yule binti wa mwisho, alikuwa amekwisha amua nani atalala na nani.

Mke wangu, aliyekulia Tanzania na anayesema Kiswahili cha kitabu, akaniuliza huku anapakua maharage, "Wewe si ndiko ulikokulia? Mbona miaka yote hii hujawahi kutupeleka?"

Nikamwambia nina kazi nyingi. Mtu mwenye malori ana kazi nyingi siku zote. Ni jibu zuri, linafunika mengi. Lakini ukweli ni kwamba nilipokitaja kisiwa kile, harufu ya mihogo iliyolowekwa iliingia pale mezani, na siku hiyo hatukuwa na mihogo.

Nililelewa na bibi yangu, mama wa baba. Mama yangu alikuwa mjini na watoto wachanga, Papa alikuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Gisenyi, na mimi nilipelekwa kisiwani kama ndizi mbichi inavyopelekwa shimoni ikaive. Nyumba ya bibi ilikuwa juu kidogo ya maji, ya udongo, na parachichi kubwa nyuma yake. Usiku matunda yalianguka juu ya paa, pu, na bibi akaguna usingizini kama aliyehesabiwa haki yake. Asubuhi tuliamshwa na wavuvi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu. Wanarudi na mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe, wanaimba na kupiga miluzi, na kasia zinaingia majini kwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kabla hawajayachafua, kisha kukaa na fimbo kulinda mikeka ya sambaza dhidi ya kunguru. Mchana tunachuma kahawa. Unajua utamu wa ganda jekundu la kahawa? Unalinyonya, unatema mbegu mkononi, maana mbegu ni mali ya bibi. Jioni bugali wa muhogo na sambaza waliokaangwa kwa mawese ya kutoka Kongo, vichwa na mikia, vinalia mdomoni. Nimekula kwenye mahoteli makubwa na watu wa wizara. Sijala tena chakula kile.

Sasa, kisiwani kulikuwa na sheria moja, na ndiyo iliyonifanya nikae chini kukuandikia. Hakuna mtu aliyeitika mwito wa kwanza. Ukiitwa mara moja unanyamaza. Ukiitwa tena ndipo unaitika. Bibi alikuwa akisema, kwa Kinyarwanda chake cha ziwani, kwamba mfu ana pumzi moja tu, akiisha kuita hana ya kuongeza. Aliye hai huita mara mbili. Ziwa letu lina watu wengi ndani, alisema, na wanakumbuka majina yetu. Ukimwitikia mmoja, umemfungulia mlango, kesho kutwa unamfuata.

Usidhani tuliishi kwa hofu. Tuliishi hivyo kama nyie mnavyovaa viatu. Jirani yetu, mzee mmoja mwenye kibiongo, aliwaita hata mbuzi wake mara mbili mbili, na mbuzi kweli hawakuja kwa mara ya kwanza. Sisi watoto tulipokuwa wavivu tulijitetea, "Lakini bibi, uliita mara moja!" Na mwaka ule alipoletwa mwalimu mpya kutoka mjini, asubuhi ya kwanza alisoma majina ya darasa zima, kila jina mara moja, na hakuna aliyeitika. Tumekaa, tumejaa, tunamwangalia. Akaandika kwamba hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefika, akafunga mlango, akaenda kumlalamikia mkubwa wake. Kisiwa kizima kilicheka mwezi mzima. "Mwalimu mfu," ndivyo walivyomwita, mpaka naye akajifunza.

Papa alikuwa anakuja Noeli na Pasaka. Anakuja na sukari, sabuni, mkate wa mjini uliopondeka ndani ya mfuko. Pasaka ile alikuwa ametuma neno na wavuvi kwamba ataniletea viatu. Sikuwa nimewahi kuvaa viatu. Nilikuwa nimekwisha wasimulia watoto wenzangu wote, nikawasimulia na mbuzi.

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa hata mgomba ulio mbele ya mlango hauonekani. Ni majira ya mvua, ukungu wa namna ile huja. Bibi alikuwa amepiga magoti jikoni anakamua mihogo aliyoiloweka, mikono yote myeupe. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeoga, nimepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Ndipo sauti ikatoka ndani ya ukungu, chini, upande wa mawe.

"Mama!"

Mara moja. Haikuwa mbali. Na ilikuwa sauti ya Papa. Nakwambia, mtoto hakosei sauti ya baba yake siku anayomngojea. Nikafungua mdomo niitike. Sijui mkono wa bibi ulitoka wapi kwa upesi ule. Niliusikia umeniziba mdomo na nusu ya pua, wa baridi, unanuka mihogo, na yeye amenivuta kifuani kwake.

"Ngoja," akaninong'oneza. "Ngoja ya pili."

Tukangoja. Moyo wake ulikuwa unanipiga mgongoni. Nilisikia moto unakula ukuni. Mkono ulibaki pale pale na mimi nikahema kwa tundu moja la pua, nikimsihi Papa moyoni aite tena, mara moja tu tena, kazi gani hiyo kwa mwanaume mzima. Nilimkasirikia hata. Mtu wa kisiwani, amezaliwa hapa, anajua sheria, mbona haiti?

Ya pili haikuja.

Ukungu ulipopanda, watu waliuona mtumbwi umelala kifudifudi karibu na mawe, karibu kiasi kwamba mwanamke angeweza kurusha kamba ikafika. Mwenye mtumbwi alikuwa amekwisha sukumwa na maji mpaka upande wa pili, wavuvi wakamwokota ameng'ang'ania kasia. Yeye ndiye aliyesimulia. Wamegonga jiwe, wamepinduka, Papa hajui kuogelea. Ameita, amekunywa maji, amekwisha. Ziwa letu, wazee husema, limekwenda chini kuliko milima ilivyokwenda juu. Halikumrudisha.

Hakuna aliyemlaumu bibi, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Majirani walikuja na kuni na pombe yao ya ndizi, wakakaa, wakamwambia amefanya vema. "Hata sisi tulisikia," akasema mzee wa kibiongo. "Sote tulisikia. Tulikuwa tunangoja." Kumbe sote. Kila nyumba ya mwambao ule ilikuwa imesikia sauti ile, na kila nyumba ilikuwa imekaa kimya, akina mama wameziba watoto midomo, wanangoja ya pili.

Tangu siku ile bibi hakumwita mtu tena. Hakuita mara mbili, hakuita hata mara moja. Akinihitaji alikuja mwenyewe mpaka nilipo, hata kama niko shambani juu kabisa, akanigusa bega. Nikigeuka namkuta amesimama, anahema kwa kilima, hasemi. Nilikuwa mtoto, bega langu liliogopa. Mavuno ya kahawa yalipokwisha Mama akaja kunichukua, nikavuka maji nimefumba macho, na sikurudi. Nilipopata lori langu la kwanza bibi alikuwa amekwisha zikwa. Nimefika Kampala, nimefika Dar es Salaam nikanywa soda ufukweni kama bwana mkubwa. Maji yale ambayo nayaona kila siku nikipiga mswaki barazani, sijayavuka.

Sheria ilibaki mwilini kama alama ya ndui. Simu yangu ikilia, siipokei mpaka ikatwe, ilie tena. Wateja wanajua. Dukani mfanyakazi akiniita, namwacha aite tena ndipo ninageuka. Watu husema patron ana maringo, mpaka umuite mara mbili kama mfalme. Nami niliwaacha waseme. Jina la maringo ni zuri kwa biashara.

Sasa nikurudishe kwenye Pasaka yetu. Jumapili iliyopita tulishuka wote pwani ya hapa mjini kujaribu gile, zile jaketi za kuelea nilizonunua, za rangi ya machungwa, nzuri kuliko za jeshi la maji. Jua lilikuwa la upole, watu wamejaa mchangani, muziki, mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nimesimama ukingoni na viatu vyangu vya ngozi, namweleza mwalimu mmoja wa sekondari jinsi nitakavyokodi mashua peke yangu bila kuchanganyika na watu. Watoto wakubwa wanaogelea. Bucura alikuwa amevua gile yake bila kutuambia, anasema inambana kwapani.

Nikasikia, "Papa!"

Mara moja. Niliisikia vizuri. Nikaona kichwa chake kinaingia majini pale chini panapokatika ghafula. Na mimi, rafiki yangu, nikasimama. Miguu ilikuwa miguu yangu, hapakuwa na kamba. Baridi ilikuwa imenikaa juu ya mdomo, na mwili wote ulikuwa unangoja.

Aliyeitika ni mke wangu. "Nakuja, mwanangu!" Akapita mbele yangu na kitenge chake, akaingia mpaka kifuani, akamvuta kwa mkono. Mtoto akakohoa, akatapika maji, akalia, kisha akaanza kulilia kandambili yake moja iliyokwenda na wimbi. Mambo yakaisha hivyo, upesi. Watu wakarudi kwenye mahindi yao. Mke wangu ndiye hakurudi kwenye chochote. Alikaa mchangani, amempakata mtoto, maji yanamdondoka, akaniangalia.

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Ulikuwa unangoja nini, baba watoto?"

Nikasema viatu vya ngozi vilinizuia. Nikasema nilidhani anacheza. Mwishowe nikasema Pasaka tutaila nyumbani, safari imekufa, kuna simenti inaingia kutoka mpakani. Nilisema kwa ile sauti yangu ya mezani. Jioni watoto hawakugusa sahani, na Bucura, aliyenirithi mimi ulimi, akasema, "Papa, we ndiye ulisema mutu akisema tunaenda, tunaenda. Donc unaogopa maji?"

"Siogopi maji."

"Unaogopa nini basi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Basi nikawaambia. Mkate wa mjini, ukungu, mkono. Sikuwa nimewahi kumsimulia hata mama yao. Nilipomaliza, kijana wangu mkubwa alikuwa anatazama mikono yake. Bucura akauliza kama bibi alikuwa mbaya. Nikamwambia hapana, bibi alikuwa ananilinda, alinipenda kuliko macho yake.

"Alikulinda wewe," mke wangu akasema polepole. "Na mimi nina wa kwangu wa kulinda. Siwezi kupanda mashua na mwanaume anayengoja ya pili. Chagua. Ama tubaki kweli, maisha yote, ama tukufundishe upya."

Niseme nini? Nimejifunza kuendesha lori nikiwa na ndevu. Nimejifunza kusaini jina langu nikiwa na watoto. Nikasema nifundisheni.

Rafiki, juma hili nyumba yangu iligeuka gulio. Bucura aliniita kutoka chooni, kutoka ngazini, kutoka uvunguni mwa kitanda. "Papa!" Mara moja tu, kisha wote wananyamaza kunisikiliza. Siku ya kwanza nilishindwa. Jasho lilinitoka kama mtu anayebeba gunia. Siku ya pili nikaitika kwa kuchelewa, kama redio yenye betri mbovu, wakacheka mpaka wakakaa chini. Siku nyingine nikawa naitika, "Naam!" kabla hawajafunga mdomo. Habari ikafika dukani. Mpakiaji wangu mmoja akanijaribu kutoka juu ya lori, "Patron!" nikaruka, "Naam!" Akapiga kofi. "Eh! Leo patron anaitika kama mutoto wa masomo! Tukuongezee nini, pipi?" Nikamtukana kidogo, kwa heshima ya nyumba, lakini nilifurahi.

Nilimpigia pia mwenye mashua wa kule, kijana, kumwambia safari imefufuka. Nikamuuliza, kama anayeuliza bei ya samaki, kama bado huko watu wanaitana mara mbili.

"Kuitana namna gani, muzee?"

"Kuita. Mtu akiwa majini, au kule kilimani."

"Aa, siku hizi ni kubipu tu. Simu inalia mara moja, mutu anajua."

Nikamuuliza juu ya nyumba fulani juu ya mawe, yenye parachichi nyuma. Akasema hapo iko vijumba vya wageni, muzuri sana, ndivyo tulivyokodi. Mzee wa kibiongo hajawahi kumsikia. Wavuvi bado wanaimba, akasema, hasa wageni wakiwa na kamera. Nilimshukuru, nikakaa na simu mkononi. Ilikuwa imekwisha, sheria ile. Hakuna aliyeifuta, hakuna mkutano uliokaa. Walioishika walikwenda mmoja mmoja, na aliyebaki nayo, kwa jina la maringo, nilikuwa mimi peke yangu. Nilidhani ningefurahi. Badala yake nilijiona kama mtu aliyefika kulipiza kisasi akakuta kijiji kimehama.

Leo ni Ijumaa Kuu. Duka limefungwa, mke wangu na watoto wako kanisani. Mimi nimebaki nyuma kufunga mizigo, ndivyo nilivyowaambia. Mvua imekatika sasa hivi na ukungu umepanda kutoka ziwani, umeingia barabara yetu, Goma haionekani, hata mti wa jirani nauona nusu. Nilikuwa nimeinama nakaza kamba ya kikapu cha viazi, nikasikia sauti ya mwanaume kutoka upande wa maji.

Mara moja. Sikushika neno lenyewe. Inaweza kuwa mvuvi. Inaweza kuwa mlevi, au mlinzi wa hoteli anamwita mwenzake. Mwili ulisimama kama unavyojua kusimama, na ule ubaridi ukaja, ukanikaa juu ya mdomo. Nilijua vizuri ninachofanya. Kama bibi alikuwa sahihi, naufungua mlango, na kesho nina watoto wanne ndani ya mashua. Kama hakuwa sahihi, basi mwanawe alikufa kwa sababu ya ukimya wetu tu, na yeye alilijua hilo kila alipopanda kilima kunigusa bega. Hakuna jibu zuri hapo. Nimelitafuta.

Nikapanda barazani juu, nikajaza kifua.

"Naam!" nikapiga kelele. "Niko huku! Huku kwenye mawe, njoo huku!"

Mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Jirani, mama mmoja mwenye jamaa Goma, akachungulia juu ya ukuta na kitambaa chake cha kanisani kichwani.

"Muzee, iko nini? Mwizi?"

"Hapana, mama. Kuna mtu ameita."

Akasikiliza. Ukungu ulikuwa mweupe mpaka kwenye ukuta wake. "Mi sisikii mutu," akasema.

"Najua," nikamwambia, nikashika chuma cha baraza kwa mikono miwili, nikaitika tena.